BAHASHA YA KAKI IMECHAKAA, KAZI BADO 'NJOO KESHO'!

Na Mwandishi Wetu, Songwa

SAA kumi na mbili kasorobo alfajiri. Majogoo wa Songwa bado wanapokezana kuwika, na mshikaji wangu tayari yuko barabarani. Baiskeli ni ya kuazima. Shati la mikono mirefu kalipiga pasi ya mkaa usiku. Nyuma kwenye keria kaifunga bahasha ya kaki kwa mpira wa tyubu, ameivuta kweli kweli isije ikadondoka. Humo ndani ndimo yalimo maisha yake: cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi umeme wa magari, barua ya mtendaji wa kijiji, picha ndogo nne na fotokopi za vyote hivyo, zimegongwa muhuri wa wakili. Anakwenda getini.

Huku kwetu ukisema "getini" hakuna anayekuuliza geti gani. Ni popote penye uzio, mlinzi na kampuni. Vijana wanajipanga pale tangu alfajiri, wanaulizana habari za usiku, wanachangia sigara moja, na kila gari ya dabo kebini ikitoka wanasimama wote kwa pamoja kama wameambiwa bendera inapandishwa. Gari linapita. Vumbi linawashukia. Wanakaa tena.

Kijiweni tunamwita Fundi, nami humu nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la cheti hataki liandikwe gazetini. Anasema likitoka, hata ile kazi ya kesho kutwa ataikosa.

Mpenzi msomaji, huyu jamaa si mbabaishaji. Gari likizima kati ya Maganzo na Shinyanga mjini, dereva anaambiwa, "Mtafute Fundi, yuko chini ya mwarobaini." Anasikiliza stata ikilia mara mbili tu, anasema kaboni zimeisha, na kweli ukifungua unakuta zimeisha. Hana kompyuta ya kupimia gari, hana gereji yenye bati. Ana spana za urithi, taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya indiketa, na masikio. Jamaa kama huyu hana kazi kwa nini?

Nimeizungushia akilini hiyo hesabu wiki nzima, maana majibu ya kijiweni ni mepesi mno. Kijiweni kila kitu ni "undugunaizesheni". Ukikosa kazi, undugunaizesheni. Ukipata, aah, una mjomba ndani. Undugu upo, sikatai, na nitaufikia. Ila nilipoanza kumfuata Fundi hatua kwa hatua niligundua kwamba kuna mengine yanayomgonga mtu kabla hata hajafika kwa huyo mjomba.

Kwanza tukumbushane tunaishi wapi. Songwa si kijiji cha jangwani. Bwawa la Songwa ndilo linalonywesha mgodi wa Mwadui, na Mwadui ndiko Dk. John Williamson, yule mjiolojia kutoka Kanada, alikoigundua almasi mwaka 1940. Kitako kile cha mwamba wa almasi kina eneo la hekta 146, ni kati ya vikubwa kabisa duniani vilivyowahi kuchimbwa. Kutoka humo lilitoka jiwe la rangi ya waridi alilozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya mwaka 1947. Geuka upande wa magharibi: Bulyanhulu ilifunguliwa 2001, Buzwagi 2009, na kule Geita mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza mwaka 2000, pale pale ambapo wakoloni walichimba mpaka ukafungwa mwaka 1966. Kwa hiyo sisi ni watoto wa almasi na dhahabu. Lakini ukipita Songwa saa nne asubuhi siku ya kazi, utaona vijana wenye vyeti wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

"UNA UZOEFU GANI?"

Hili ndilo swali linaloua watu wengi kuliko yote. Tangazo linabandikwa: anatakiwa fundi umeme wa magari, awe na cheti, awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu katika kampuni inayotambulika. Fundi anasoma mpaka kwenye "inayotambulika" halafu anacheka peke yake.

Nilikuwepo kwa macho yangu siku moja mwaka juzi. Mkandarasi mmoja, ambaye simtaji, alikuwa amemrudishia Fundi barua yake kwa sababu hiyo hiyo ya uzoefu. Haikupita miezi miwili jenereta lake likagoma. Fundi wao wa kuajiriwa alikuwa likizo. Dereva akaja na gari mpaka kwenye mwarobaini, akamchukua Fundi na mimi nikapanda nyuma kama msaidizi, kumbe nimefuata ubuyu tu. Dakika arobaini! Waya ulikuwa umeliwa na panya nyuma ya betri. Likawaka. Wakampa shilingi 30,000 na soda ya baridi. Fundi akapata ujasiri, akamwambia bosi, "Mzee, na ile barua yangu?" Mzee akajibu vizuri tu, tena kwa tabasamu, "Pita ofisi ya rasilimali watu." Tulipokuja kesho yake, mlinzi akatuuliza tuna miadi na nani. Hatukuwa nayo na mtu. Tukarudi.

Angalia sasa mchezo ulivyo. Uzoefu Fundi anao, kinachokosekana ni karatasi ya uzoefu. Miaka mitatu amefanya deiwaka kwa wakandarasi wadogo wadogo: wiki mbili hapa, mwezi pale, anaitwa magari yakiharibika, yakipona anaambiwa tutakupigia. Hakuna mkataba, wala barua. Ukimuuliza athibitishe hiyo miaka, atakuonyesha mikono yake.

Tena hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na mimi mwenyewe nimelijua ukubwani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi anapomaliza kazi. Hiyo hati ndiyo "uzoefu" wenyewe unaotafutwa na yule bwana wa matangazo. Sasa nani kati yetu ameondoka kibaruani akasema, "Samahani bosi, naomba hati yangu"? Ukisema hivyo unaonekana mjuaji, na mjuaji haitwi tena wiki ijayo. Basi mtu anachagua kuitwa wiki ijayo. Mimi ningefanya vivyo hivyo, tusidanganyane.

Na kilio hiki si cha jana. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha uchimbaji mkubwa. Wale walikuwa watu waliojua mkanda wa dhahabu unalala wapi, unapinda wapi na unapotelea wapi, kwa kuushika kwa vidole gizani. Mgodi ulipofunguliwa miaka mitano baadaye, kilichotakiwa ni vyeti, leseni za mitambo na lugha ya mikutano ya usalama. Kwa upande mmoja naielewa kampuni. Mgodi wa chini ya ardhi si duara la kushuka kwa kamba, na mtu asiyejua taratibu za baruti anaweza kuua wenzake thelathini. Ila kati ya "hujui taratibu" na "hufai" kuna nafasi ya miezi sita ya mafunzo, na ni wachache waliopewa.

Mafunzo yenyewe nayo yana safari yake. Mwaka 2009 VETA na makampuni ya madini walianzisha mpango mzuri wa kuwafunza mafundi wa migodini. Ulikwenda kuwekwa wapi? VETA Moshi. Kule kwenye kahawa na Mlima Kilimanjaro! Najua sababu zao, chuo kilikuwa na karakana nzuri. Lakini mtoto wa mkulima wa pamba wa Kishapu akisikia Moshi, anahesabu nauli kwanza kabla ya kuhesabu nafasi.

JINA LAKO NANI?

Sasa njoo kwenye hili ambalo halitajwi kwenye semina, nalo limemkwamisha Fundi kuliko mjomba wa mtu yeyote.

Sisi Wasukuma mtoto anazaliwa na jina la nyumbani. Amezaliwa njiani, jina. Amezaliwa wakati wa mvua, jina. Akifika shule mwalimu anamwandika anavyosikia. Akibatizwa anaongezewa lingine. Kidato cha nne cheti kinatoka na majina mawili, kitambulisho cha NIDA kinatoka na matatu, na cheti cha kuzaliwa, kama kipo, kina jina la babu badala ya baba. Tuseme Masunga amegeuzwa Masuga. Herufi moja tu! Zamani mtu angecheka. Siku hizi maombi ya kazi za serikali yanapitia kwenye mtambo wa Sekretarieti ya Ajira, na mtambo haucheki. Unataka namba ya NIDA na unataka majina yafanane.

Kurekebisha herufi moja ni safari. RITA kwa cheti cha kuzaliwa, wakili kwa kiapo, NIDA kwa marekebisho. Kila ofisi ina foleni yake na ada yake, na mara nyingine inakurudisha kwenye ile uliyotoka. Fundi amekwenda mjini mara tatu kwa ajili ya herufi moja.

Kabla ya hapo kulikuwa na cheti chenyewe. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2011, enzi za ada na michango. Nyumbani walibaki na deni la michango. Shule moja, nayo siitaji, ikakikalia cheti chake mpaka deni liishe. Lilikwisha mwaka 2013, baada ya baba kuuza ndama. Miaka miwili kijana alikuwa na elimu asiyoweza kuithibitisha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, wadogo zake hawataliona hilo, na mimi ninashukuru. Ila kwa Fundi ile miaka miwili imekwenda.

Siku moja tulikaa tukapiga hesabu ya ombi moja la kazi nyuma ya boksi la sigara. Picha 4,000. Muhuri wa wakili nakala tano, 10,000. Fotokopi 1,000. Dada wa stesheneri anayekujazia fomu kwenye kompyuta, 3,000. Nauli ya kwenda na kurudi Shinyanga 6,000. Jumla shilingi 24,000. Kubeba zege huku kwetu alikuwa analipwa 6,000 kwa siku. Kwa maneno mengine, ombi moja ni siku nne za zege, na hapo hujala. Halafu watu wazima wanatuambia vijana wa siku hizi hawapendi kutafuta kazi!

MJOMBA NA KIMEMO

Haya, tufike kwa mjomba.

Kizazi cha baba zetu kilikuwa na kimemo. Kikaratasi kidogo kutoka kwa kigogo: "Mpokee kijana huyu, msaidie." Ukiwa na kimemo hukai benchi. Siku hizi kimemo ni simu, na simu haiachi karatasi. Ushahidi wa wazi wa mambo haya tuliupata mwaka 2014. Juni mwaka ule Idara ya Uhamiaji iliwaita kwenye usaili watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70, ikabidi wakutane Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wamejaa majukwaani kama ni mechi ya Simba na Yanga. Haukupita muda zogo likazuka juu ya ajira nyingine 200 za konstebo na koplo za idara hiyo hiyo, kwamba waliochukuliwa wengi ni ndugu na jamaa wa watumishi. Wizara ya Mambo ya Ndani ikachunguza, na ajira hizo zikafutwa. Hilo halikuwa porojo la kijiweni.

Lakini hebu tuangalie namba kwa jicho la ubaridi. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, iliita zaidi ya watu 110,000 kwenye usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596. Hata kama kila msahihishaji angekuwa malaika, asiye na shangazi wala mjomba, zaidi ya 108,000 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Na wengi wao ni watu wazima wenye akili zao na digrii zao. Hapo ndipo undugunaizesheni unapouma zaidi: nafasi zikiwa chache hivyo, simu moja ya mjomba ina uzito wa watu sabini.

Kwenye migodi mambo yana sura nyingine kidogo. Sheria iko upande wetu, angalau kwenye karatasi. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinasema Mtanzania afikiriwe kwanza kwenye ajira na mafunzo. Safi. Ila "Mtanzania" si lazima awe wa Songwa. Kijana wa Mbezi na wa Moshi ni Watanzania kama Fundi, nao wamesoma kwa jasho. Kazi za kufyeka na kufagia ndizo zinazopelekwa vijijini kwa barua ya mtendaji, na hapo ndipo unapoona watu wenye vyeti vya ufundi wanagombea fagio. Barua ya mtendaji ni bure, lakini msomaji, unajua na mimi najua kwamba kuna mahali "bure" ina bei yake.

MLANGO WA DADA ZETU

Dada mmoja wa Maganzo, mhitimu wa uhasibu, aliniambia alivyoitwa kwenye usaili. Maswali yalikwenda vizuri. Mwisho jamaa akamwomba namba ya simu "kwa ajili ya taarifa". Taarifa ilikuja saa nne usiku: kuna lodji mjini, njoo tuongee vizuri kuhusu mkataba wako. Hakwenda. Mkataba haukuja. Alipowaeleza nyumbani, shangazi mmoja alimuuliza kwa nini alimpa namba! Yaani kosa likawa la kwake.

Dada zangu, hilo lina jina kwenye sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo. TAKUKURU wana ofisi Shinyanga. Ujumbe wa simu usifutwe, hata kama unakutia kichefuchefu. Najua ni rahisi kwangu kuandika hivi nikiwa nimekaa na kikombe cha chai. Yule dada anauza mitumba siku za gulio, na hesabu zake za mitumba ni safi kuliko za kampuni nyingi.

UKISHAANGUKA, USIINUKE

Kuna kundi lingine ambalo kijiweni haliongelewi sana: wale waliokwisha kuwa ndani.

Oktoba 2007 kulitokea mgomo Bulyanhulu, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 wakaachishwa kazi. Mwaka 2017 serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, mgodi huo huo ukapunguza shughuli na watu wengi wakarudi makwao. Mwadui uchimbaji ulisimama Aprili 2020 kipindi cha korona, bei ya almasi ilipoporomoka, ukarudi 2021. Mwaka huo huo Buzwagi ikamaliza uzalishaji wake. Nzega, ule mgodi wa Golden Pride ulikuwa umekwisha zamani. Kila mgodi unapofungwa au kupumua, unamwaga mtaani madereva wa damperi, wachomeleaji, wapima ardhi, watu wenye ujuzi wa hali ya juu ambao hauna matumizi kwenye shamba la mtama. Umewahi kuona mtu aliyeendesha damperi la tani zaidi ya mia akiendesha bodaboda? Mimi ninapanda bodaboda yake. Anaendesha polepole kupita wote, na kwenye kila kona anapiga honi mara mbili. Ndivyo walivyofundishwa.

Anachokiogopa huyo bwana si usaili. Anaogopa blakilisti. Ni kilio cha siku nyingi cha wafanyakazi wa migodi ya ukanda huu, kwamba ukitoka mgodi mmoja kwa ugomvi, jina lako linakutangulia kwenye mgodi wa pili, na unakataliwa bila kuambiwa sababu. Wakuu wa makampuni husikika wakikana. Mimi siwezi kukuapia kwamba ipo kwenye daftari. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtu akiamini ipo, hadai malipo ya saa za ziada, hasemi kwamba mgongo unamuuma, na hajiungi na chama cha wafanyakazi.

Kuhusu mgongo, hilo nalo ni geti. Kabla ya kuajiriwa unapimwa afya. Aliyekula vumbi miaka kumi au aliyetikiswa na mtambo mpaka pingili zikahama, akifika hospitali ya vipimo anaonekana mbovu. Kampuni mpya inamkataa kwa ugonjwa alioupatia kwenye kampuni ya zamani.

Kama kuna anayesoma hapa na ameachishwa kazi juzi, sikiliza: siku ni 30. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nimekutana na watu waliokaa miezi minne wakimsubiri bosi apoe hasira. Bosi akapoa, na siku zikawa zimepita.

DARASA LA SABA, UNG'ENG'E NA RANGI YA NGOZI

Haya nitayapitia haraka haraka maana nafasi yangu kwenye ukurasa ni ndogo.

Darasa la saba. Aprili 2017 serikali iliwatoa watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, na wengi tulishangilia. Lakini katika uhakiki ule walisombwa pia madereva na wahudumu ambao hawakughushi chochote, kosa lao ni kuishia darasa la saba. Mwaka uliofuata, 2018, serikali ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe. Dereva wa miaka ishirini barabarani bila ajali aliambiwa hana sifa, halafu akaambiwa anazo.

Ung'eng'e. Fundi mmoja anajua kila waya wa Fuso kwa Kiswahili na Kisukuma. Anaingia kwenye usaili, anaulizwa kwa ung'eng'e ajieleze. Ulimi unakauka. Gari lenyewe halijui ung'eng'e!

Na hili la tatu si la kutania. Shinyanga mjini kuna kituo cha shule ya Buhangija, ambako watoto wenye ualbino walipelekwa kulindwa baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Watoto wale wamekua. Wanataka kazi kama wewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Piga hesabu pale unapofanya kazi. Hata kuhesabu kwa macho kunatosha.

SASA FUNDI

Turudi kwa jamaa yangu. Nilimweleza kwamba VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza mtaani: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Akaniangalia. "Mimi cheti ninacho, bro. Ninachokosa ni wa kunifungulia geti." Nikanyamaza, maana ana haki. Mpango ule unamfaa zaidi yule kijana anayemsaidia kushika spana, na huyo amekwisha kuandika jina lake.

Kuna kampuni moja ilibandika tangazo wiki iliyopita. Inataka fundi umeme wa magari wawili, na safari hii hawakuandika "inayotambulika". Wameandika tu uzoefu wa miaka miwili, "kwa uthibitisho". Fundi akazunguka siku tatu kwa wale wakandarasi wake wa zamani akiomba barua. Wa kwanza amehama. Wa pili alimwambia arudi mwisho wa mwezi. Wa tatu, mama mmoja mwenye malori mawili ya kubeba pamba, alichukua karatasi ya daftari pale pale, akaandika kwa mkono kwamba kijana huyu ametengeneza magari yake tangu mwaka 2019, akasaini, akaweka na namba yake ya simu. Halafu akamwambia, "Mwanangu, mbona hukuniomba siku zote?"

Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa kwenye keria asubuhi ile.

Alirudi saa tano. Nilimkuta ameshavua shati zuri, kalitundika kwenye tawi la mwarobaini, yuko chini ya lori. Karatasi ya mama waliipokea, tena yule mlinzi aliisoma mpaka mwisho. Wakakwama kwenye jina: NIDA inasema hivi, cheti kinasema vile. Wamempa mpaka Ijumaa alete kiapo cha wakili.

Jumatatu anakwenda Shinyanga. Nauli nimemkopesha mimi, shilingi 6,000, na amesema atanirudishia Fuso hili likiwaka.